Kuunganisha Tawi Jipya kwenye SD-WAN: Kazi ya Kabla Kifaa Hakijapakiwa Garini



Wauzaji wa SD-WAN, yaani mtandao mpana unaoongozwa na programu, hupenda kutuonyesha video ya mtu asiye fundi akitoa kifaa kwenye boksi, akichomeka kebo mbili, na baada ya dakika chache tawi liko hewani. Video ile haidanganyi, ila imeanzia katikati. Msimamo wangu nautoa mapema: tawi likisumbua siku ya kuwashwa, mara nyingi tatizo lilizaliwa mezani makao makuu, wiki kadhaa nyuma.

Nitatumia mfano wa tawi la benki mjini Masasi, makao makuu yakiwa Dar es Salaam. Vifaa nitakavyovitaja ni vya Cisco, vya ukoo wa Viptela, kampuni ambayo Cisco iliinunua mwaka 2017. Wanaotumia vya kampuni nyingine watakuta majina tofauti, lakini shida ni zilezile.

Kwa walio wageni na jambo hili, niseme kwa kifupi. Ruta ya tawi haijipangii mambo yenyewe. Hujitambulisha kwa vidhibiti, hupokea sera na ramani ya njia, kisha hujenga mahandaki yaliyofungwa kwa usimbaji wa IPsec juu ya laini yoyote iliyopo, iwe faiba, MPLS, 4G au setilaiti. Uamuzi uko kwenye vidhibiti; data zenyewe hupita moja kwa moja kati ya tawi na makao makuu.

Laini mbili ambazo ni moja

Faida kubwa ya SD-WAN ni kutumia laini zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Tunasaini mikataba na kampuni mbili, tunaona ankara mbili, tunaamini tuna njia mbili. Lakini ukitoka nje ya Dar es Salaam, kampuni nyingi hukodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL. Kampuni mbili zinaweza kufika Masasi kwa mkongo mmoja, na koleo la tingatinga moja likazizima zote. Laini ya simu nayo si kinga ya moja kwa moja: Helios Towers ina minara ambayo kampuni kadhaa za simu hufunga vifaa vyao pamoja, na umeme wa mnara ukikatika, wote wanazimika.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza laini ya pili, mtoa huduma aulizwe kwa maandishi: faiba yenu inapita barabara gani, inaingia mjini upande gani, mnara unaotuhudumia uko wapi, na betri zake hudumu saa ngapi? Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu. Mahali ambapo hakuna njia ya pili ya ardhini, setilaiti ya kawaida inafaa iwe akiba ya mwisho. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na pakiti kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Miamala itapita, simu za sauti zitakuwa mateso.

Namba, saa na cheti

Kila tawi hupewa namba ya kituo, na kila ruta hupewa anwani yake ya mfumo. Inaonekana kazi ya karani, na ndiyo maana huachiwa mtu anayenakili usanidi wa tawi la jana na kubadilisha jina tu. Katika mfumo huu, ruta mbili zenye namba moja ya kituo huhesabiwa kuwa ziko chini ya paa moja, hivyo hazijengi handaki kati yao. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kosa. Vidhibiti vinaziona ruta zote mbili ziko salama, na mhandisi anatafuta ugonjwa kwenye faiba isiyo na ugonjwa. Daftari la namba, lililopangwa kwa kanda na linaloshikwa na mtu mmoja, linatosha kuzuia hili.

Saa ni jambo jingine dogo lenye kiburi. Ruta na vidhibiti hutambuana kwa vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kilichokaa stoo muda mrefu kikaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita kitakikataa cheti halali kwa kudhani muda wake haujaanza. Seva ya saa ifikike kabla ya kitu kingine chochote, na jina lake litafsiriwe na DNS inayopatikana kwenye laini ya tawi lenyewe. Na vyeti vikiisha kweli? Tarehe 9 Mei 2023, vyeti vilivyomo kiwandani ndani ya baadhi ya ruta za vEdge, za ukoo huuhuu wa Viptela, vilifika mwisho. Ruta iliyozimwa na kuwashwa baada ya hapo ilishindwa kujitambulisha kwa vidhibiti. Kilichohitajika kilikuwa toleo jipya la programu, na toleo halijipakii lenyewe kwenye kifaa kisichofikika.

Bando la salamu

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo pesa zinapovujia.

Ruta hupima uhai wa kila handaki kwa kutuma pakiti ndogo za salamu. Kwa mpangilio wa kiwandani ni moja kila sekunde, na zikipotea saba mfululizo handaki huhesabiwa limekufa. Tuseme kila salamu ina baiti 130. Kwa siku yenye sekunde 86,400, hiyo ni takriban megabaiti 11 kwa upande mmoja. Kwa mwezi, kwenda na kurudi, karibu megabaiti 670. Kwa handaki moja si kitu. Lakini mfumo usipoelekezwa vinginevyo, kila ruta hujenga handaki kwa kila laini ya kila tawi jingine. Matawi mengine 40 yenye laini mbili ni mahandaki 80, na laini ya 4G ya Masasi itakula zaidi ya gigabaiti 50 kwa mwezi kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa. Meneja wa tawi atapiga simu kusema bando linaibiwa.

Dawa ni sera. Matawi yazungumze na vituo viwili vya makao makuu tu, labda pawe na sababu ya kweli ya Masasi kuzungumza na Kigoma moja kwa moja. Kwenye laini ya simu salamu zipunguzwe ziwe kila baada ya sekunde 10. Kupitia makao makuu kuna faida nyingine: mitandao ya simu huficha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na matawi mawili yaliyofichwa hivyo mara nyingi hayawezi kukutana. Kituo chenye anwani yake ya umma hufikika.

Usichanganye, hata hivyo, kufa kwa laini na kuugua kwake. Upotevu wa pakiti na ucheleweshaji, kwa mpangilio uleule wa kiwandani, hukokotolewa kila dakika 10, na uamuzi hutokana na wastani wa vipindi sita. Faiba inayosuasua kwa dakika tatu kila robo saa inaweza kubaki na sifa njema muda mrefu, huku foleni dirishani ikinung'unika.

Kidhibiti kikipotea

Mwezi Mei 2024 ulitufundisha mengi. Tarehe 12, kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mwenye vidhibiti vyake kwenye wingu la nje ya nchi alijikuta faiba ya ndani ni nzima, Masasi inafikika, lakini akili ya mtandao iko ng'ambo.

Ruta hazizimiki papo hapo. Huendelea kutumia ramani ya mwisho kwa saa 12, huo ndio mpangilio wa kiwandani, na kikomo ni siku 7. Nashauri muda huo uongezwe, kwa sharti moja linalosahaulika: muda wa kubadilisha funguo za usimbaji, ambao kwa kawaida ni saa 24, uwe angalau mara mbili ya ule wa kwanza. Bila hivyo funguo zitaisha huku ramani bado ipo. Bora zaidi, kidhibiti kimoja kiwe ndani ya nchi.

Siku ya kuwasha

Yote haya yakiwa tayari, siku yenyewe huwa fupi. Jambo moja tu lisidharauliwe: ukubwa wa pakiti. Usimbaji huongeza uzito, na pakiti ya baiti 1500 haitoshei tena. Dalili zake ni hizi: ping inapita, mhudumu wa dirishani anaingia kwenye mfumo, jina na salio la mteja vinaonekana, ila picha ya saini haifunguki. Ukiona hivyo, punguza ukubwa wa sehemu za TCP hadi 1350 kabla ya kumpigia mtoa huduma.

Ombi langu kwa semina hii ni moja. Hati ya makabidhiano ya tawi isisainiwe mpaka kebo ya faiba ichomolewe saa nne asubuhi ya siku ya kazi, meneja wa tawi akishuhudia, na muamala uliokuwa katikati ukamilike.