Mjue Unayefanya Naye Biashara kwa Ujumbe wa Simu

Hotuba ya afisa wa Polisi Jamii kwa wafanyabiashara wa mpakani Busia



Mji wetu una jina moja na nchi mbili. Tangu kituo cha huduma kwa pamoja kilipozinduliwa mwaka 2018, msafirishaji wa mizigo husimama mara moja tu, upande anaoingia. Biashara nayo imehamia simuni: mahindi, mayai na samaki huagizwa kwa ujumbe kabla jua halijachomoza. Jambo hilo ni jema, lakini mwizi naye amepata mlango.

Chukueni mfano wa mama wa upande wa Kenya anayenunua mahindi Uganda. Kwa miaka mitatu ameagiza kwa mtu yule yule. Asubuhi moja anapata ujumbe wenye picha ile ile na upole ule ule: "Dada, laini yangu ya malipo ina hitilafu. Leo tuma kwa namba hii." Anatuma. Jioni muuzaji halisi anampigia kuuliza malipo yake. Mtaji wa msimu mzima umekwenda. Baya zaidi, wawili waliokuwa kama ndugu wanashukiana, na sokoni yanasikika maneno kwamba watu wa ng'ambo hawaaminiki, ilhali mwizi huenda hajawahi kukanyaga Busia.

Ujumbe peke yake haumthibitishi mtu. Picha hunakiliwa, jina huandikwa na yeyote, na akaunti yenyewe yaweza kutekwa na tapeli uliyempa tarakimu za uthibitisho zilizoingia katika simu yako.

Makampuni makubwa yanayotumiana oda na ankara kwa kompyuta yalilitambua hilo zamani. Kabla ya biashara ya kwanza, hubadilishana vyeti vya kidijitali. Baada ya hapo hati huja na saini ya kielektroniki, na saini isiyolingana na cheti hukataliwa. Nguvu ya utaratibu huo ni kwamba utambulisho hukubaliwa mapema, kabla fedha hazijatajwa. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa kalamu na daftari.

Kwanza, mkikutana ana kwa ana, andikeni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, na namba ya kupokelea fedha. Kubalianeni kwamba namba hiyo haitabadilishwa kwa ujumbe pekee. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, ikija namba mpya, usipige namba iliyomo ndani ya ujumbe huo. Piga ile ya daftarini, uisikie sauti ya mwenzako. Asipopatikana, subiri, hata ukihimizwa kwamba lori linaondoka.

Tatu, huduma nyingi za pesa za simu huonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika. Lisome. Lisipolingana na la daftarini, sitisha.

Nne, wewe muuzaji, usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo, kwa kuwa nao hughushiwa. Tazama salio lako mwenyewe.

Anayejitambulisha kwa jina la kampuni, lihakikini kwa msajili wa kampuni wa nchi yake. Hata hivyo, usajili huonyesha kuwa kampuni ipo. Hauonyeshi kwamba anayekuandikia ametumwa nayo. Tafuteni namba ya ofisi kwa njia nyingine, mpige.

Ukishatapeliwa, mpigie mtoa huduma papo hapo ukiomba fedha zizuiwe. Usifute ujumbe hata mmoja, kwa maana huo ndio ushahidi. Kisha fika kituo cha polisi cha upande wako. Usione haya, anayenyamaza humwachia mwizi nafasi ya kumwendea jirani.

Ndugu zangu, kumhakiki mwenzako si kumtukana. Akikupigia kuuliza kama namba ni yako kweli, mshukuru, kwani amelinda fedha zake, jina lako, na ujirani wetu.