Wakati wa Katibu na Kahawa ya Mwanachama



Ni nadra kumkuta katibu wa chama cha msingi, Bukoba au Muleba, asiyelalamika kwamba siku haimtoshi. Asubuhi wakulima wamekwisha panga foleni kwenye mizani. Kabla hawajamalizika, simu ya wilayani inadai taarifa, mjumbe wa bodi anataka kuona leja, na jirani amekuja na habari ya msiba. Jioni katibu amechoka kweli kweli, lakini orodha ya malipo haijaandikwa. Swali la leo ni hili: kati ya kazi hizo zote, ipi ilistahili kutangulia?

Ushirika wa kahawa katika eneo hili umepita katika mabadiliko mengi. Bukoba Native Co-operative Union iliundwa mwaka 1950. Vyama vikuu nchini vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Sheria Namba 6 ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Pamoja na hayo yote, mkulima bado anataka mambo matatu kwa chama chake: kahawa yake ipimwe kwa haki, iandikwe kwa usahihi, na alipwe mapema.

Kuchelewa katika mambo hayo kuna gharama, na jina lake linajulikana katika kila kibanja: butura. Mkulima mwenye karo ya mtoto au mgonjwa ndani ya nyumba humwuzia mlanguzi kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini marufuku peke yake haijazi mfuko. Mwanachama aliyengoja malipo yake kwa majuma mengi hukopa ili aishi. Fedha ikifika huishia kwenye madeni, na msimu unaofuata anaingia katika butura akiwa mikono mitupu. Hivyo orodha ya malipo iliyolala juu ya meza ya katibu yaweza kumgharimu mtu mavuno ya mwaka mzima.

Kwa hiyo, kila kazi inapofika mezani, yafaa katibu aulize: hii ikingoja hadi kesho, nani ataumia, na je, madhara hayo yatarekebishika? Kwa kipimo hicho kazi hugawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi zisizongoja: kupima unyevu na uzito, kutoa stakabadhi papo hapo, na kuandika orodha ya malipo. Kahawa isiyokauka ikipokelewa kwa haraka na kurundikwa ghalani hupata joto na kuota ukungu. Stakabadhi inayoandikwa kesho yake kwa kukumbuka huzaa ugomvi. Na pale malipo yanapopitia benki, tarakimu 1 iliyokosewa katika namba ya akaunti yatosha kuyakwamisha.

Fungu la pili ni kazi zilizo muhimu lakini hazipigi kelele: kuhakikiwa kwa mizani na Wakala wa Vipimo, kulinganisha leja na taarifa ya benki, kutayarisha makisio, na kuweka hesabu tayari kwa wakaguzi wa COASCO. Kazi hizi zifanywe wakati wa masika, kabla mavuno hayajapamba moto. Asiyezimaliza wakati huo huzikuta tena katikati ya msimu, na mshika mawili moja humponyoka.

Fungu la tatu ni wageni, barua na simu zisizo za dharura. Hizi zitengewe saa yake, au apewe karani.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha faida yake. Wanachama 40 wakipimiwa kwa dakika 6 kila mmoja, kazi inachukua saa 4. Katibu akiacha mizani mara 6, kila mara dakika 10, amepoteza saa 1 nzima. Muda huo ungewahudumia watu 10, na huenda ndio watakaorudi nyumbani na magunia yao kichwani.

Mathalani, chama chaweza kutenga siku 3 za mapokezi kwa juma na siku 2 za hesabu, na kubandika ratiba hiyo ubaoni. Siku ya mapokezi, asubuhi iwe ya mizani. Alasiri stakabadhi zilinganishwe na daftari la ghala, na orodha ya malipo ifungwe siku hiyo hiyo. Wageni wapokewe baada ya hapo.

Ratiba hiyo haitasimama bila msaada wa wengine. Bodi isiitishe kikao siku ya mapokezi. Mwanachama asimfuate katibu nyumbani usiku kuulizia jambo lililobandikwa ubaoni. Tena, msiba ukitokea, katibu hapana budi aende, kwa kuwa hakuna anayeishi peke yake katika kijiji. Kwa sababu hiyo kila chama kiwe na mtu wa pili aliyefundishwa kupima na kuandika, na aliyeidhinishwa na bodi kutia saini stakabadhi. Chama ambacho leja yake inajulikana na mtu mmoja tu husimama siku anapougua.

Ndugu Makatibu, kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao, kila bodi ikae na katibu wake, iandike ratiba, imtaje msaidizi, na ieleze wanachama watalipwa baada ya siku ngapi. Ahadi hiyo ikitimizwa, mkulima atakuwa na sababu ya kumkatalia mlanguzi.