Mstari Mwekundu Katika Kipimo cha Malaria

Leo tutazungumza juu ya kile kibao kidogo cha plastiki ambacho mhudumu hutumia kupima malaria baada ya kumdunga mtoto kidole. Akina mama wengi huniuliza: "Sista, mtoto alimaliza dawa wiki jana, mbona kipimo bado kinaonyesha malaria?" Swali hili ni zuri, na jibu lake linaweza kumkinga mtoto wako na dawa asizozihitaji.

Kwanza tujue kipimo hiki kinatafuta nini. Hakitafuti kimelea cha malaria chenyewe. Kinatafuta protini inayotolewa na kimelea hicho na kuingia katika damu. Vipimo vingi tunavyotumia hapa Kenya hutafuta protini iitwayo HRP2. Hutolewa na aina ya kimelea inayosababisha malaria nyingi na kali zaidi nchini mwetu.

Protini hiyo hunaswa na kingamwili. Unajua kwamba mwili hutengeneza kingamwili ili kupigana na magonjwa. Kila kingamwili ni kama kufuli linalokubali ufunguo wake tu. Mwaka wa 1975, wanasayansi Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza maabarani kingamwili za aina moja tu, kwa wingi. Mwaka wa 1984 walipewa Tuzo ya Nobel. Kingamwili za namna hiyo ndizo zilizopakwa ndani ya kibao kile.

Tone la damu likiwekwa pamoja na dawa ya maji ya kipimo, damu hutambaa kwenye karatasi iliyo ndani. Njiani hukutana na kingamwili zilizobeba chembe ndogo mno za dhahabu. Ndiyo, dhahabu! Ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu. Protini ya malaria ikiwapo, hunaswa na kubebwa hadi kwenye alama ya T. Hapo kingamwili nyingine huidaka, na mstari mwekundu hutokea.

Mstari wa C ni wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo hicho hakifai na mtoto apimwe upya kwa kingine. C peke yake maana yake protini haikuonekana. C na T pamoja maana yake imeonekana, hata kama mstari wa T umefifia sana. Majibu husomwa kwa muda ulioandikwa na watengenezaji, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kwa hivyo mama, usimharakishe mhudumu, wala usiokote kibao kilichokaa kutwa nzima ukakisoma.

Sasa turudi kwa lile swali. Sufuria iliyopikiwa samaki huendelea kunuka samaki hata baada ya samaki kuliwa. Protini ya HRP2 ni vivyo hivyo. Dawa huua vimelea kwa siku chache, lakini protini yao hubaki katika damu kwa wiki kadhaa, pengine mwezi au zaidi. Mtoto aliyepona na anayecheza anaweza kupatikana na mstari wa T. Usikimbilie duka la dawa kumnunulia dozi nyingine.

Lakini homa ikirudi, usikae nyumbani ukisema ni mabaki tu. Mrudishe kituoni na umwambie mhudumu: "Mtoto huyu alitibiwa malaria tarehe fulani, kwa dawa hii." Hapo damu inapaswa kuangaliwa kwa darubini, kwa sababu darubini huonyesha vimelea vyenyewe.

Na kama kipimo hakina mstari wa T ilhali mtoto ana homa? Usilazimishe dawa ya malaria. Homa inaweza kutokana na nimonia, ugonjwa wa masikio au maambukizi ya mkojo. Akitibiwa malaria asiyo nayo, ugonjwa halisi huendelea kumla. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Hata hivyo, vimelea vingine havitoi HRP2. Kwa hiyo homa isipopungua, mrudishe mtoto apimwe tena.

Malaria ikithibitishwa na ukapewa dawa ya AL, ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Maliza zote, hata akianza kucheza siku ya pili.

Mwisho, mama, kuna dalili zisizongoja mstari wowote: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, au kulegea na kutoamka. Ukiona hata moja, mpeleke hospitalini mara hiyo, iwe mchana au usiku.

Weka kitabu cha kliniki karibu, na uhakikishe tarehe ya kila tiba imeandikwa.