Hofu Iliyo Mwilini

Tutue Nakivale, kambi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda. Boda ikipasua mlio barabarani, yupo anayejitupa chini kabla hajajua kwa nini. Majirani husema ana pepo. Hana. Amigdala, kisehemu kidogo cha ubongo, imekwishapiga mbiu: adrenalini imemwagika, moyo unadunda, misuli imekaza. Fikra za kupima mambo hufika baadaye.

Mwaka 2007, watafiti waliowapima wakimbizi wa Rwanda kambini humo walieleza kuwa wenye aina fulani ya jeni hurudiwa zaidi na kumbukumbu za kutisha. Jeni, lakini, si hukumu. Utafiti uliotolewa 2008, uliopima kama ushauri nasaha hutibu hofu hii, uliwahusu Wanyarwanda na Wasomali 277 wa Nakivale walioiugua. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Baadhi yao walimsimulisha mtu maisha yake kwa mpangilio, yale machungu yakipewa mahali na wakati wake. Vikao sita tu. Baadaye, takriban saba kati ya kumi waliosimulia hawakuhesabika tena kuwa wagonjwa.

Si kila mtu apelekwe Mbarara hospitalini. Wapangaji wa bajeti, mbali na unga na maturubai, walipeni washauri hawa.