Wasiovaa Joho: Watu na Shughuli za Kila Siku za Chuo Kikuu Kidogo cha Kilutheri, kwa Kuzingatia Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Mijadala kuhusu vyuo vikuu vya makanisa nchini Tanzania huelekea zaidi kwenye majengo, programu za masomo na sifa za wahadhiri, na mambo hayo yanastahili kujadiliwa, lakini mara nyingi yanayoamua kama chuo kidogo kitadumu hutendeka katika ofisi ya msajili, dirisha la mhasibu, jiko, bweni na tangi la maji. Mada hii inaziangalia sehemu hizo na watu wanaozihudumia. Kwa “chuo kidogo” inakusudiwa taasisi ambayo ada za wanafunzi wachache ndizo zinazobeba mzigo wote wa mishahara na uendeshaji, kiasi kwamba kupungua kwa wanafunzi wa darasa moja tu huonekana katika malipo ya mwezi unaofuata.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, liliingia katika elimu ya juu kupitia mafunzo ya uchungaji. Chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai mwaka 1947 kilihamia Makumira, karibu na Arusha, mwaka 1954, na mwaka 1996 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichokusanya chini yake vyuo vikuu vishiriki, yaani vyuo vyenye uongozi wao wa kila siku lakini vinavyotunuku shahada kwa jina la chuo mama. Dayosisi ya Karagwe ilizaliwa mwaka 1979 kutokana na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ambayo askofu wake, Josiah Kibira, wakati huo alikuwa pia rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Azma ya dayosisi hiyo, yenye makao yake Lukajange, ya kuwa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Karagwe, kinachofahamika kwa kifupi chake KARUCO, chenye mwelekeo wa kilimo na mazingira, ndiyo inayoipa mada hii sababu ya kuwasilishwa.

Dayosisi haianzi na mikono mitupu, kwa kuwa imeendesha Hospitali ya Nyakahanga kwa miaka mingi na inajua maana ya taasisi isiyolala. Hata hivyo hospitali hiyo ilipewa hadhi ya hospitali teule ya wilaya, yaani hospitali ya kanisa inayofanya kazi ya hospitali ya serikali na kwa sababu hiyo hupata mchango wa serikali katika watumishi na dawa. Chuo kikuu cha kanisa hakina mpango wa namna hiyo, na anayedhani kwamba uzoefu wa Nyakahanga unahamishika moja kwa moja kwenda chuoni anasahau tofauti hii.

Mtumishi wa kwanza wa kutazamwa ni msajili. Tangu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipoanza kazi mwaka 2005, chuo huwepo kisheria kwa nyaraka: hati ya usajili, ithibati ya kila programu, orodha ya wahadhiri na sifa zao, kumbukumbu za mitihani na vikao vya seneti. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, vikiwemo vya makanisa mbalimbali, na mwaka huohuo waombaji walirudishiwa utaratibu wa kuomba moja kwa moja vyuoni badala ya kupangwa na mfumo mmoja wa pamoja. Kwa chuo kilicho mbali na miji mikubwa mabadiliko hayo yana uzito, kwa sababu msajili sasa hana budi kuwatafuta wanafunzi na wakati uleule kulinda majalada yatakayokaguliwa. Kumpa kazi hiyo mhadhiri kijana mwenye vipindi vingi, kwa nia ya kubana matumizi, ni akiba inayogharimu sana.

Uhasibu unahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo maisha ya Karagwe na Kyerwa yanapokutana na kalenda ya chuo. Fedha za mwanafunzi huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo hulipa ada chuoni na humpa mwanafunzi fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi wote nchini huziita “bumu”. Mkopo si lazima ufikie ada yote, na si kila mwanafunzi huupata. Njia ya pili ni mzazi, na katika wilaya hizi mzazi ni mkulima wa kibanja, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni pamoja, ambaye ndizi humlisha na kahawa humpa fedha taslimu.

Kahawa ya robusta huvunwa katikati ya mwaka, na malipo kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha KDCU hufuata mavuno hayo, ilhali muhula wa kwanza hufunguliwa Oktoba au Novemba na wa pili huanguka Machi au Aprili, wakati mkulima hana kitu mkononi zaidi ya kahawa ambayo bado haijaiva mitini. Hapo ndipo butura inapopata nafasi: kahawa huuzwa ikingali mtini kwa bei ya chini sana kwa mtu mwenye fedha za haraka, jambo ambalo serikali imelipiga vita na bado linajitokeza. Tarehe ya mwisho ya kulipa ada inayobandikwa mlangoni mwa mhasibu inaweza, bila yeye kukusudia, kumsukuma mzazi kuuza mavuno ya mwaka mzima kwa hasara. Mhasibu anayekijua kibanja angeweza kufungua akaunti ya mwaka unaofuata tangu Julai, akapokea kidogokidogo kadiri kahawa inavyolipwa, na kumruhusu aliyelipa sehemu kubwa mapema afanye mtihani wa Machi bila usumbufu.

Bumu likichelewa, mzigo hugeukia jikoni. Mama lishe walio nje ya geti la chuo huendelea kupika ndizi na maharage na kuandika madeni kwenye daftari, na kwa hali halisi wao ndio wanaokikopesha chuo bila riba, ingawa hakuna taarifa ya mwaka inayowataja. Chuo chenye jiko lake kina nafasi ya kununua kwa wakulima wa Nkwenda au Ihembe bila kupitia kwa madalali, na kama kinafundisha kilimo, jiko hilo linaweza kuwa darasa, kwa kuwa mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006, unahitaji vijana wanaojua kukata mgomba mgonjwa na kusafisha panga kabla ya kuugusa mwingine.

Mchungaji wa chuo naye huhudumia watu wengi kuliko Walutheri. Karagwe na Kyerwa zina Wakatoliki wengi, ambao jimbo lao la Kayanga liliundwa mwaka 2008, na wapo pia Waislamu, Waanglikana na Wapentekoste. Hivyo ibada ya asubuhi huenda ikawa sehemu ndogo ya kazi yake ikilinganishwa na saa anazokaa na mwanafunzi aliyefiwa, aliye mjamzito au “aliyediskoo”, yaani aliyeondolewa masomoni kwa kufeli. Kazi hiyo huigawana na mshauri wa wanafunzi na matroni wa bweni, na mara nyingi matroni ndiye anayejua kwanza.

Liko pia suala la wafadhili. Marafiki wa ng'ambo huchangia kwa moyo madarasa, maabara na magari, vitu vinavyoonekana na kupigwa picha, lakini ni nadra kuchangia mshahara wa mlinzi, fundi bomba au mpishi, wakati washarika wenyewe huchangia ndizi, kuku na maharage yanayonadiwa baada ya ibada. Fedha za mnada, kwa kuwa hazina masharti ya mradi, ndizo zinazofaa kutengewa watumishi hao, na baraza la chuo lingeweza kuziwekea kifungu chake katika bajeti kabla jengo jingine halijawekewa jiwe la msingi, kuanzia na fundi wa kutunza mifereji na matangi ya mvua, ambaye kazi yake hukamilika kabla ya Juni, kiangazi kinapoingia katika vilima hivyo.