Askari wa Damu na Muhuri wa Ijumaa



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi. Mimi si daktari. Shahada yangu ni ya fizikia na kazi yangu serikalini ni ya mafaili. Lakini hili nitakalolisema lina fizikia na mafaili pia.

Kuna maradhi mawili ya matumbo, ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, yanayokuja na kuondoka kwa miaka mingi. Mgonjwa huharisha, pengine damu, akakonda. Hupewa dawa ya amiba, kisha hupewa tena dawa ya amiba, na utumbo unazidi kuharibika.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, walishughulikia njia ambayo mimi naiona ni ya busara sana. Damu ya mgonjwa huchukuliwa, chembe nyeupe zikatengwa, zikatiwa alama ya mionzi ya indiamu-111, kisha zikarudishwa mshipani. Chembe hizo ni askari wa mwili. Hawahitaji kuelekezwa, hukimbilia palipo na moto, na kamera ya mionzi huona wamekusanyika wapi. Baadaye ikaja teknishiamu-99m, inayompa mgonjwa mionzi kidogo zaidi na picha safi zaidi. Ila picha huonyesha mahali pa moto, haitaji aliyeuwasha: maambukizo ya bakteria huweza kuonekana vivyo hivyo. Kwa hiyo bado daktari hutazama ndani ya utumbo na kupima kipande cha nyama, na watafiti bado wanatafuta alama zitakazoubainisha ugonjwa wenyewe, tena mapema.

Sasa mafaili. Teknishiamu hupungua nusu kila saa 6, hivyo haiwekwi ghalani. Hospitali huikamua kutoka katika chombo chenye molibdenamu-99, nayo hupungua nusu kila saa 66. Hesabu ni ya kidato cha nne: mzigo ukifika uwanja wa ndege Ijumaa saa 8 mchana, na mwenye muhuri amekwenda harusini hadi Jumatatu saa 2 asubuhi, nusu imekwisha. Hakuna aliyeiba, wala hakuna atakayeulizwa.

Humu ukumbini nawaona wenye mihuri si mmoja. Ndugu zangu, karatasi yenye alama ya mionzi ikifika mezani, msiilaze chini ya rundo. Itieni sahihi Ijumaa hiyo hiyo, ndipo mwende harusini.