Sakafu Kwanza, Rangi Baadaye

Somo kwa redio: Kutayarisha sakafu ya saruji kabla ya kupaka epoksi

Somo letu la leo ni la sakafu.

Wazee wetu katika nyumba za msonge walitandika sakafuni nyasi zilizokatwa rweya. Nyasi zilipochakaa ziliondolewa, mahali pakafagiliwa, ndipo mpya zikatandikwa. Hakuna mwenye nyumba aliyetandika nyasi safi juu ya nyasi zilizooza. Siku hizi twajenga kwa saruji, lakini kanuni ile haikubadilika.

Epoksi ni nini? Ni rangi nene inayokuja katika makopo 2. Kopo moja lina utomvu, la pili lina dawa ya kukazia. Vikichanganywa kwa vipimo vilivyoandikwa koponi, hugeuka kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji, damu wala mafuta. Kwa sababu hiyo hupakwa katika maabara, vyumba vya kujifungulia na vyumba vya kutayarishia samaki, mahali ambapo sakafu lazima ioshwe kila siku. Uanja wa kuanikia kahawa hauhitaji rangi hii, maana jua huibadilisha rangi na kuifanya itoe unga.

Sasa tuchukue mfano. Kamati ya zahanati ya kijiji imechangisha fedha. Wengine wametoa kahawa, wengine siku za kazi. Fedha zilizobaki zatosha kupaka chumba cha kujifungulia mara 1 tu. Mgeni wa heshima anatazamiwa kuja kufungua jengo baada ya wiki 2. Fundi asema, "Sakafu imekauka, tupake kesho." Je, kamati imjibu nini? Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Jambo la kwanza ni umri wa sakafu. Zege jipya lina maji mengi ndani, na saruji yaendelea kukaza muda mrefu baada ya uso kuonekana mkavu. Kwa kawaida hungojewa siku 28 kwa uchache. Lakini siku hizo ni za kukaza. Kukauka ni habari nyingine, na huenda kukachukua muda zaidi.

Jambo la pili, na ndilo kubwa kwetu sisi wa kando ya Ziwa Viktoria, ni maji. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi katika Tanzania, na mwezi wa Aprili ardhi hulowa sana. Kama chini ya zege haikutandazwa nailoni ya kuzuia unyevu, maji hupanda toka ardhini kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Sakafu tupu huyaacha yatoke hewani, nasi hatuyaoni. Ukiifunika kwa epoksi, maji hukosa njia, huisukuma rangi toka chini, nayo huvimba malengelenge na kubanduka.

Kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha nailoni nene inayoonyesha, upana nusu mita na urefu nusu mita. Kilaze sakafuni, ubandike kingo zote 4 kwa utepe wa gundi hata hewa isipite. Kiache mchana na usiku, mbali na jua. Kisha tazama upande wa chini. Ukiona matone, au zege limekuwa jeusi kuliko mahali pengine, sakafu ina maji. Matone yaliyo juu ya nailoni ni ya hewa, hayo usiyahesabu. Pima mahali kadhaa, hasa pembeni na karibu na mabomba.

Tena, msipime kiangazi tu mkaridhika. Sakafu iliyo kavu mwezi wa Julai yaweza kutoa jasho mwezi wa Aprili. Kama jengo ni la zamani, waulizeni wanaolitumia: wakati wa masika, mkeka ukilazwa sakafuni huota ukungu? Unga mweupe wa chumvi hutokea juu ya saruji? Majibu yao ni kipimo pia.

Jambo la tatu ni uchafu, mafuta na nta. Nyumba nyingi zetu zina sakafu zilizosuguliwa kwa nta nyekundu miaka mingi, nazo hung'aa vizuri. Lakini epoksi haishiki juu ya nta, kama vile mgomba usivyoota juu ya mwamba. Dondosha tone la maji. Likinywewa upesi, sakafu i wazi. Likisimama kama tone juu ya jani la ndizi, pana nta au mafuta. Osha kwa sabuni kali na brashi, suuza, kisha pima tena. Kazi hii hutangulia kusaga, maana mashine ikipita juu ya mafuta huyatapanya tu.

Jambo la nne ni niru. Mafundi wetu hupenda kumalizia sakafu kwa saruji tupu, wakaipiga mwiko hata ikawa laini kama sahani. Kwa nyumba ya kuishi ni sawa. Kwa epoksi ni hatari, kwa kuwa utando ule ni mwembamba, na mara nyingi ni dhaifu kuliko zege lililo chini. Rangi hushika niru, niru huachana na zege, vyote viwili huinuka pamoja. Gonga sakafu kwa nyundo ndogo. Ikilia kama ngoma, mahali hapo pamekwisha achana na chini, papasa kuvunjwa na kujengwa upya. Ikwaruze kwa msumari. Ikitoa unga kwa urahisi, uso ni dhaifu.

Dawa yake ni kuondoa utando huo kwa mashine ya kusaga sakafu, mpaka ukipapasa kwa kiganja uone ukwaru kama wa msasa. Chumba kidogo chaweza kusagwa kwa mashine ya mkono yenye sahani ya almasi. Wako wanaotumia tindikali. Mimi siwashauri. Tindikali huchoma macho na mapafu, haiondoi nta, na huingiza maji mapya katika sakafu mliyohangaika kuikausha. Hata vumbi la kusaga si la kuchezea: lina chembe ndogo za mchanga ambazo zikivutwa miaka mingi huharibu mapafu. Fundi avae kinga ya pua na mdomo inayochuja vumbi. Kitambaa cha kujifunga hakitoshi.

Jambo la tano ni nyufa. Hakuna mkoa unaohitaji kulisikia hili kuliko wetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilianguka au kupasuka, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Kwa hiyo ukiona ufa, usiufunike. Jiulize kwanza kama ufa huo umelala au bado waenda. Chora alama kwa kalamu kwenye ncha zake 2, andika tarehe, ungoje wiki kadhaa. Ukiipita alama, mwite mhandisi wa halmashauri, maana ugonjwa uko katika msingi. Ufa uliolala ufungue kwa tindo, ufagie, uujaze epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuupaka rangi si kuuziba.

Jambo la mwisho ni vumbi na saa ya kazi. Baada ya kusaga, ondoeni vumbi kwa mashine ya kunyonya. Fagio peke yake huacha unga katika vitundu vile ambavyo rangi yapaswa kuingia. Pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, rudieni. Wala msipake alfajiri, wakati umande wa ziwa umetanda. Tena jua likipanda, sakafu hupata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutoboa vijitundu katika rangi mbichi. Alasiri joto linapoanza kushuka ni wakati mzuri, lakini msichelewe hata umande wa usiku ukafika.

Sasa turudi kwa kamati yetu. Wamepima kwa nailoni, wakakuta matone. Fundi apewe jibu gani? Jibu ni: hatupaki. Jengo laweza kufunguliwa likiwa na sakafu ya saruji iliyooshwa safi, na mgeni akaelezwa sababu bila aibu. Fedha zikae benki mpaka kiangazi, mpime tena. Kama maji bado yapanda, rangi siyo dawa. Mwite mhandisi aseme kama mifereji ya nje yatosha, au sakafu yapasa kujengwa upya juu ya nailoni. Ikipakwa leo, rangi itabanduka, damu na maji machafu yataingia chini yake, na mama atakuja kujifungulia mahali pasipoosheka. Hapo mtakuwa mmelipia uchafu kwa fedha za kahawa yenu.

Kwa leo tuishie hapa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwa nini siku 28 peke yake si ushahidi kwamba sakafu ni kavu?
2. Pimeni sakafu 1 ya jengo la umma kijijini kwenu kwa tone la maji na kwa nailoni. Mmeona nini?
3. Mjumbe wa kamati asema, "Tupake tu, mgeni asije akatucheka." Mtamjibuje?